Urithi wa shangazi kutoka Luton: benki, mawakili na kodi, nani alinihudumia vipi

Nyota mbili na nusu kwa benki. Nne kwa mawakili wa Luton. Tano kwa mtandao wa mahakama za Uingereza unaokuwezesha kutafuta wasia wa marehemu ukiwa umekaa barazani kwako. Na kwa yule bwana aliyetaka asilimia 5 ili "atusafishie" pesa kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, nyota sina; maneno ninayo, lakini watoto wanasoma.

Nayaandika haya kama mtu wa makaratasi. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Kilindini, na riziki yangu imo katika hati za shehena, ankara na mihuri. Nikihudumiwa mahali sitazami tabasamu wala kiyoyozi. Natazama kama mhusika ananitajia karatasi zote siku ya kwanza, au atazidondoa moja moja kila nikirudi. Humo ndimo zilimopatikana na kupotea nyota zote hapo juu.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikwenda Uingereza miaka ya 1970 kusomea uuguzi, akafanya kazi hospitalini mpaka akastaafu, akanunua nyumba Luton. Hakujaaliwa mtoto. Alifariki Februari 2023, Mungu amrehemu. Wasia wake ulisema baada ya kodi na gharama, kilichobaki kigawanywe sawasawa kwa watoto wa ndugu zake, wake kwa waume. Wazee walikaa kitako juu ya hilo neno sawasawa, maana kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu mtoto wa kiume wa kaka anaingia kama asaba, yaani mrithi wa kiume anayechukua kilichobaki, na dada yake hapati kitu, na wasia kwa asiyekuwa mrithi haupiti thuluthi, yaani theluthi moja ya mali. Sheria ya Uingereza nayo haina habari na thuluthi; mtu huandika atakavyo. Tulivyolimaliza jambo hilo nyumbani ni letu. Hapa nasimulia huduma.

Barua pepe ya kwanza ya mawakili niliichukulia kuwa utapeli, na nadhani kila mwenye akili angefanya hivyo. Nani hajaletewa habari ya tajiri aliyefariki ng'ambo na kumwachia mamilioni? Tofauti ilikuwa kwamba hawakuniomba hata senti. Waliomba nakala ya pasipoti iliyothibitishwa na wakili na uthibitisho wa anwani. Nikaingia kwenye rejista ya Solicitors Regulation Authority, chombo kinachosimamia mawakili wa Uingereza na Wales, nikaitafuta kampuni, nikachukua namba ya simu iliyo kwenye rejista, si ile ya kwenye barua pepe, nikapiga. Mama mmoja akapokea, akanitajia jina la shangazi na mtaa aliokaa. Hapo nikakaa chini.

Karatasi zao zilikuja zimetimia. Barua moja, kurasa tatu: hiki ndicho tunachotaka kwako, hiki ndicho tutakachofanya, hivi ndivyo tutakavyolipwa, na hii ndiyo sababu hutaona pesa kabla ya mwaka ujao. Mimi ningewapa nyota tano kwa barua hiyo peke yake. Moja nimeiondoa kwa ajili ya ada yao, ambayo ilitolewa katika mali ya marehemu na ilikuwa nono, na kwa karani wao mmoja ambaye nitamfikia.

Kodi ya huko waliieleza hivi, nami naieleza kwa tarakimu za mfano kwa sababu za kweli sizitaji. Wenye kukopa nao wanasoma. Mali ya marehemu haitozwi kodi ya urithi mpaka ipite pauni 325,000, kiwango ambacho hakijasogezwa tangu 2009. Kinachozidi hapo hukatwa asilimia 40. Tuseme nyumba ni 290,000 na akiba ya benki 85,000, jumla 375,000. Toa mazishi na madeni 5,000, inabaki 370,000. Kilichozidi ni 45,000, na kodi yake 18,000. Kuna nafuu nyingine ya hadi 175,000 kwa anayeacha nyumba yake, lakini ni kwa watoto na wajukuu wake. Sisi wa ndugu hatumo. Binamu yangu wa Malindi alilichukua hili kibinafsi kabisa, akataka waandikiwe barua wajue kwamba shangazi ndiye aliyetulea kwa pesa za ada.

La muhimu ni nani anayelipa. Kodi ile hutoka kwenye mali kabla ya kugawanywa, na msimamizi wa wasia ndiye mwenye jukumu. Mwisho wa mwezi wa sita baada ya mwezi wa kifo ndio mwisho wa kulipa bila riba. Kwetu ilikuwa mwisho wa Agosti. Na kodi hulipwa kabla ya mahakama kutoa hati ya kuthibitisha wasia, ile wanayoiita probeti, hali akaunti za marehemu zimefungwa. Nilipouliza watalipaje wakati pesa zimefungwa, wakaniambia benki ya marehemu inaweza kuipelekea mamlaka ya kodi moja kwa moja kutoka akaunti yake. Na ndivyo ilivyokuwa. Fungu linapomfikia mrithi limekwisha kutozwa. Huko Uingereza mpokeaji hadaiwi tena kwa kupokea.

Hati ilitoka Septemba 2023. Ada yake wakati huo ilikuwa pauni 273, na Mei 2024 ikapanda hadi 300. Na hapa ndipo nyota tano zinapoingia. Hati ikishatoka, wasia ni wa umma. Unaingia kwenye tovuti ya serikali yao, unaandika jina la ukoo na mwaka wa kifo, na rekodi zao za Uingereza na Wales zinarudi hadi 1858. Nililipa pauni 1.50 kwa kadi, bei ya wakati huo, nikaletewa nakala ya hati na wasia, kurasa zilizopigwa picha na sahihi ya shangazi chini. Bila wakili, bila "njoo kesho", bila chai ya mtu. Nilikuwa nimeshaamini mawakili, lakini kuuona wasia kutoka chanzo kingine kulinitoa wasiwasi wote, na nikawatumia ndugu zangu wote kwenye WhatsApp. Ningependa siku moja nitoe mzigo wa kontena kwa urahisi ule.

Kisha tukasubiri, na kusubiri kwenyewe kulitugharimu. Sheria yao ya 1975 inawapa jamaa na waliokuwa wakimtegemea marehemu miezi sita tangu hati kutoka wapeleke madai mahakamani, na wakili makini hagawi kabla ya hapo, maana akigawa na dai likaja, ni juu yake. Miezi hiyo sita iliangukia mahali pabaya. Waliokuwa Kenya watakumbuka: mwishoni mwa Januari 2024 dola ilifika shilingi 160, na pauni ikapita 200. Binamu walikuwa wakipiga simu Luton kila siku, "walipe sasa, walipe sasa". Februari serikali ikapata pesa za kulipia deni lake la Eurobond, mkopo wa dola wa masoko ya nje, dhamana ya miundombinu, hati ya serikali ya kukopa kwa wawekezaji, ikavuta wageni, na shilingi ikapanda. Mwishoni mwa Machi dola ilikuwa karibu 131. Pauni ikashuka hadi 165 hivi. Kwa kila pauni 10,000, mtu aliyeota milioni 2 aliamka na milioni 1.65. Hakuna wa kulaumiwa hapo, lakini ukiahidiwa urithi wa ng'ambo usianze kupima kiwanja kwa bei ya leo ya pauni.

Sasa benki. Siitaji jina, wenyeji wa Mombasa mtabahatisha na mtakosea. Ni benki kubwa, nina akaunti yangu ya biashara hapo miaka mingi, na ina dawati lenye bango zuri la wateja walio ughaibuni. Bango hilo, nimegundua, ni la wanaotuma. Mpokeaji aliyekaa hapa hapa na kipande chake mkononi hawajui wamweke kaunta gani.

Mwanzo ulikuwa mzuri, na nataka haki itendeke. Karani wa Luton alishikilia tumpe namba ya IBAN, ile namba ndefu ya akaunti inayotumika Ulaya, na Kenya hatutumii IBAN. Mara mbili nilimwandikia, mara mbili mfumo wake ukamwambia anwani haijakamilika. Binti mmoja wa dawati lile, mpole na mwepesi, alinifungulia akaunti ya pauni, akaandika barua yenye msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki kimataifa, msimbo wa tawi na namba ya akaunti, akaeleza kwa Kiingereza safi kwamba hiyo ndiyo anwani kamili ya benki nchini Kenya. Yote kabla ya adhuhuri. Luton wakakubali. Binti huyo ana nyota tano zake peke yake, nje ya hizi za benki.

Binamu mmoja, kwa faida ya wasomaji, alitaka fungu lake liingie M-Pesa. Akaunti ya M-Pesa haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja mwisho 250,000. Tulimweleza, akasema basi wamtumie kidogo kidogo. Mawakili hawakujibu barua hiyo.

Pesa zikaja Aprili. Nikapata ujumbe wa simu, nikaenda. Binti yule hakuwapo siku hiyo, alikuwapo mwenzake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Pesa zimeingia, lakini zimezuiliwa."

"Zimezuiliwa na nani?"

"Na mfumo."

Mfumo ulitaka ushahidi wa chanzo cha pesa, jambo ambalo nalijua na nalikubali. Kwa kiasi cha dola 10,000 na zaidi benki zetu huuliza pesa zimetoka wapi na zinakwenda wapi. Tena Februari ile ile ya 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa linalofuatilia utakatishaji wa pesa, na tangu hapo kila ofisa wa benki anatazama nyuma ya bega lake. Nilikwenda na barua ya mawakili. Wakaichukua, wakasema watanipigia.

Walipopiga walitaka cheti cha kifo. Nikapeleka. Wakataka hati ya mahakama. Nikapeleka, pamoja na wasia, ule wa pauni moja na nusu. Wakataka cheti cha PIN, namba ya mlipa kodi, cha KRA, ambacho wanacho kwenye faili langu tangu nifungue akaunti. Kisha wakataka uthibitisho wa udugu: cheti changu cha kuzaliwa, cha baba, na cha shangazi. Shangazi alizaliwa Lamu, kwa mkunga, miaka ambayo kuzaliwa kuliandikwa kichwani mwa bibi. Nikamwambia bwana aliyekuwa akishughulikia, ambaye alikuwa kijana wa heshima na hana ubaya, kwamba mimi sirithi kwa udugu. Narithi kwa kuwa jina langu limeandikwa katika wasia ule uliopo mbele yake. Shangazi angeweza kumwachia mwuza maziwa wake na benki isingetaka cheti cha ng'ombe.

Akacheka, akaenda juu, akarudi na jipya: wakubwa wanataka hati ya Luton ipelekwe Mahakama Kuu ya Mombasa ikapigwe muhuri wa Kenya. Hapo nikampigia wakili wangu na kumweka kwenye spika. Wakili akaeleza taratibu, na naliandika hapa kwa sababu najua wengine mtaambiwa hivyo hivyo. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinaruhusu hati za mirathi za nchi za Jumuiya ya Madola kupigwa muhuri na Mahakama Kuu ili zitumike hapa. Inahitajika pale marehemu alipoacha mali Kenya: kiwanja, hisa, akaunti. Shangazi hakuwa na akaunti katika benki hii. Mali ilikuwa Uingereza, imesimamiwa na kumalizwa Uingereza, na pesa zilipoondoka kwenye akaunti ya mawakili zilikuwa zangu, si za marehemu. Kulikuwa na kimya, kisha nikaambiwa nisubiri. Nilisubiri. Mfumo ukaridhika siku hiyo hiyo.

Siwalaumu kwa kuuliza. Wangeniandikia orodha siku ya kwanza, nusu ukurasa tu, ningeleta kila kitu kwa bahasha moja na pesa zingelala usiku mmoja. Ninapomwambia mteja wangu mzigo wake unahitaji hati sita, namwambia sita, simwambii moja nikasubiri meli itie nanga.

Ndugu yangu wa kike alipata taabu zaidi. Wasia umeandika Fatma, kipande chake kimeandika Fatuma. Kwa watu wa pwani hilo ni jina moja. Kwa mfumo ni watu wawili na mmoja wao ni mwizi. Akaenda kwa wakili akala kiapo kwamba Fatma na Fatuma ni yeye, hati ikapigwa muhuri, ikakubaliwa. Kama una Swaleh na Saleh, Aisha na Asha, au majina matatu kwenye pasipoti na mawili kwenye kipande, itengeneze hati hiyo mapema, na mawakili wa ng'ambo pia uwapelekee.

Nyota nusu ya mwisho waliipoteza kwenye kubadilisha pesa. Benki Kuu huchapisha kila siku ya kazi kwenye tovuti yake bei ya wastani ya sarafu. Asubuhi ile pauni ilikuwa karibu 165. Kaunta wakanipa 158. Shilingi 7 kwa pauni moja. Kwa pauni 10,000 ni shilingi 70,000, nayo haiandikwi popote kuwa ni ada. Nikakataa kusaini, nikauliza nani anayepanga bei. Bei hupangwa na idara ya fedha za kigeni, na mwenye kiasi kikubwa anaruhusiwa kuomba bei yake. Hakuna bango linalosema hivyo. Nikapewa simu, nikataja bei ya benki jirani ambayo nilikuwa nimeiuliza asubuhi, na baada ya kuvutana kidogo tukaafikiana 162 na nusu. Simu ile ya dakika chache ilikuwa na faida kuliko riba ya mwaka ya akaunti ya pauni, ambayo ni kama haipo.

Kuhusu KRA habari ni fupi, na ndiyo iliyowatisha watu kuliko zote. Bwana wa asilimia 5 aliwaambia binamu zangu kwamba KRA wanakata asilimia 30 ya pesa zozote zinazotoka nje. Kenya ilifuta kodi ya urithi mwaka 1982. Sheria ya Kodi ya Mapato inatoza mapato, na fungu la wasia si mapato. Mshauri wa kodi tuliyemwendea, mwanamke mwenye leseni na ofisi yake, alitutoza ada ya kikao kimoja, akatwambia hakuna cha kulipa kwa kupokea, tuhifadhi barua ya mawakili, hati ya mahakama na taarifa ya benki, maana siku ukinunua kiwanja na KRA wakauliza ulitoa wapi pesa, hizo ndizo jawabu lako.

Kinachotozwa ni kile ambacho pesa hizo zitazaa, na hapo alitulia akatueleza vizuri. Riba ya benki hukatwa asilimia 15 na benki yenyewe. Ukijenga ukapangisha nyumba ya kuishi, kodi ya pango ni asilimia 7.5 ya pato lote, kuanzia Januari 2024, kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Ukinunua kiwanja ukaja kukiuza kwa faida, asilimia 15 ya faida. Dhamana za serikali zisizofika miaka kumi hukatwa 15, za miaka kumi na kuendelea 10, na za miundombinu hazikatwi kitu. Ile ya Februari 2024 ilikuwa ikitoa asilimia 18.46, bila kodi. Pesa zetu zilikuwa bado Luton zikimngoja mdai ambaye hakutokea.

Benki walinishawishi niziache zote kwao kwenye akaunti ya muda maalumu. Nilikataa kwa adabu. Bima ya amana ya Kenya inamlinda mtu hadi shilingi 500,000 kwa benki moja, haidhuru ameweka ngapi, na mimi nilikuwa mtu mzima benki ya Imperial ilipofungwa 2015 na ya Chase mwaka uliofuata. Nimeweka sehemu kwenye dhamana kwa kupitia DhowCSD, programu ya Benki Kuu ambayo unajisajili kwa simu na kununua mwenyewe kuanzia shilingi 50,000. Hiyo nitaiandikia tathmini yake nikishaizoea, ila kwa sasa sina lawama nayo zaidi ya nywila kusumbua.

Ukiwa na pesa zinazokuja kwenye benki ile, nenda tawi kubwa, asubuhi, katikati ya juma. Usipange foleni ya kaunta. Omba dawati lenye bango, mtake akuandikie kwenye karatasi yenye nembo ya benki kila hati watakayoitaka, atie sahihi na tarehe. Beba nakala mbili za kila kitu kwa sababu mashine yao ya kutoa nakala haifanyi kazi. Gari acha nyumbani, maegesho hakuna.